Tumekunywa Mchunga

Kama una shati jeupe na moyoni umeridhika kwamba ni jeupe, usimpelekee mama huyu. Atalishika mabega, atalinyanyua mbele ya ukuta wa chokaa, atalitazama huku amefumba jicho moja, kisha atakwambia, "Kola ina manjano." Wewe hutayaona hayo manjano. Msimamizi wake hayaoni. Mwenye shati hajayaona tangu alinunue. Lakini likirudishwa kwenye beseni na kuanikwa upya, utakubali mwenyewe kwamba kumbe yalikuwepo.

Miaka ishirini na sita alikuwa akipiga pasi katika duka lile la dobi, kwenye chumba kirefu chenye madirisha matatu, na la tatu halifunguki. Wenzake walimwita Mama Pasi. Mashati arobaini kwa siku, na Jumatatu mashuka juu yake. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, halafu mgongo, na mbele mwisho, kwa sababu mbele ndiko binadamu wanakotazama. Kabla ya kuanza alikuwa analamba kidole, anagusa chuma, na kusikiliza. Pasi ikimjibu kwa mkato, iko tayari.

Na alikuwa amechoka. Sitaki kuzungukazunguka hapa. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa unalala naye kitanda kimoja na asubuhi unatangulia kuamka. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kuiweka pasi chini. Na siku ya kuiweka alishaipanga: siku ambayo mumewe atapanda ngazi tena.

Mumewe alikuwa fundi rangi, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kama vile hakuna fundi mwingine. Nyumba nyingi za pale zilipitia mikononi mwake. Miezi saba kabla ya habari hii, Fundi alishuka ngazini katikati ya kazi, akakaa juu ya debe la rangi, akasema tumbo limemjaa. Alipofika nyumbani mkewe alimgeuza kuelekea dirishani, akamtazama kama anavyotazama mashati, akasema, "Macho yako yana manjano." Daktari alikuja kusema hivyo hivyo siku tatu baadaye, kwa maneno marefu zaidi. Ini limechoka. Pombe basi. Ngazi basi, mpaka tuone. Arudi kila mwezi apimwe.

Fundi na pombe walikuwa ndugu wa siku nyingi, lakini aliogopa, akaiacha siku ile ile. Tumpe sifa yake. Wengi huapa tu.

Habari za mchunga zililetwa na Vifungo. Vifungo ni yule mwenzake wa kule dukani, anayeshona vifungo vilivyong'oka na kupokea habari zote za mjini bila kuinua macho kwenye sindano.

"Mchunga, shoga yangu," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Kwa tumbo, kwa ini, kwa nyongo, usihangaike na kingine. Mjomba wangu alikuwa hali wala halali. Mchunga ukamrudisha mezani."

"Ule unaoota ovyo barabarani?"

"Ndio huo huo. Sasa kwa kuwa unaota bure mnaudharau."

Basi mama akaung'oa na mizizi yake nyuma ya uzio, akaupanda kwenye ndoo tatu za rangi zilizotoboka, ndoo za mumewe. Mchunga hauna maringo, uliota. Asubuhi akachuma majani, akayaosha maji mawili, akayachemsha mpaka maji yakawa ya kijani kizito. Wengine huula mboga, na mboga ni haki yake. Yeye aliupika dawa. Kama hujawahi kuuonja, sikushauri uanze leo. Ni mchungu, na uchungu wenyewe hauna haraka ya kuondoka mdomoni.

Fundi alionja, akakunja uso wote. "Bibie, unataka kuniua?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Kunywa."

"Sinywi peke yangu. Nitajiona kama mfungwa. Kunywa na wewe, tunywe wote."

Mwanamume wa miaka sitini na moja, jamani, anambembeleza mkewe kama anaogopa sindano. Lakini mama alicheka, akaleta kikombe cha pili. Ndivyo ilivyoanza. Vikombe viwili, kutwa mara tatu. Fundi alitia asali kwenye chake, akapiga mafunda matatu, akakisukuma mbali akisema atamalizia baadaye. Hiyo baadaye haikuwahi kufika. Na mama hakulelewa kumwaga dawa. Alikunywa chake, akamalizia na cha mumewe, kisha akaosha vyombo. Cha mchana alikibeba kazini kwenye chupa ya chai, akakinywa amesimama, pasi ikipata moto.

Tangu Fundi augue, mama alikuwa na namna mpya ya kusema. Ukimuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" hakujibu "anaendelea". Alijibu, "Tunaendelea. Leo tumeamka vizuri. Tumekunywa mchunga, tumekula uji nusu bakuli. Jana gesi ilitusumbua kidogo." Wala si yeye peke yake. Nani kwetu hajui lugha hiyo? Mama mwenye mtoto mchanga atakwambia, "Tumeota jino," naye ana meno thelathini na mawili kinywani. Mwenye mgonjwa ndani hasemi "yeye". Ugonjwa ukiingia nyumbani ni wa wote, na anayeuguza anaushika upande wake.

Fundi lakini hakuwa na lugha hiyo. Yeye alisema tumbo langu, ini langu, mimi naumwa, mimi sijalala. Si kwa ubaya. Mtu akiumwa huona maumivu yake tu.

Mwezi wa tatu, macho ya Fundi yakaanza kurudia weupe. Mama ndiye aliyeona, asubuhi, dirishani. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Yametakata," alisema, na machozi yakamlengalenga. Aliona zile ndoo tatu za mchunga, akaona siku ya kuweka pasi chini inapiga hodi.

Yeye mwenyewe mwezi ule alianza kutapika. Asubuhi tu, kidogo tu, maji machungu. Alimsimulia Vifungo kwa aibu.

"Hiyo ni nyongo inatoka," Vifungo alisema. "Dawa inasafisha. Ukiona hivyo ujue imefanya kazi."

"Lakini mgonjwa si mimi."

"Kwani uchafu unachagua? Safi tu, shoga yangu, usafishike."

Wakacheka. Basi akaendelea kusafishika. Mwili ukaanza kumwasha, viganja hasa, akasema ni mvuke wa pasi. Mkojo ukawa wa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, akasema ni jasho, hanywi maji ya kutosha. Sketi yake ya kazini ikamlegea kiunoni, akaikaza kwa pini, wiki mbili baadaye akaisogeza pini ile mbele zaidi. Chakula cha usiku alipika, akapakua, akakaa akitazama mumewe anavyokula. Fundi alikuwa sasa anakula sahani nzima na kuomba ukoko.

"Mbona wewe huli?" Fundi aliuliza siku moja, mdomo umejaa.

"Tumeshiba," alisema mama.

Naye Fundi akaridhika. Kweli alikuwa ameshiba.

Kila Jumapili binti yao alipiga simu. Ni mwalimu, ameolewa mbali, ana watoto wawili na sauti ya kuamrisha darasa. "Mama, mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, mwanangu."

"Baba naye nimemsikia. Nauliza wewe."

"Mimi nina nini? Mimi mzima. Tukipanda ngazi tu, naacha kazi, nakuja kukaa kwako mwezi mzima nilale mpaka mnifukuze."

"Tukipanda ngazi? Na wewe unapanda ngazi, mama?"

"Aa, mtoto huyu! Baba yako, namaanisha."

Mwezi wa saba ndipo likatokea la shati. Shati jeupe la harusi, la bwana mmoja ambaye angelichukua jioni. Mama alikuwa amefika mgongoni. Alikuwa amesimama, macho wazi, mkono juu ya pasi, na pale pale, amesimama vile vile, usingizi ukampitia. Kilichomshtua ni harufu. Alipoinua chuma, alama yake ilikuwa imekaa katikati ya mgongo wa shati, ncha juu, rangi ya hudhurungi. Miaka ishirini na sita hajawahi kuunguza hata leso.

Vifungo aliinua macho kwenye sindano, na hilo nalo lilikuwa jipya.

Msimamizi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilikunja lile shati taratibu, akasema, "Mama Pasi, nenda nyumbani ukapumzike. Wiki moja."

"Siwezi. Nina mgonjwa."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Keshokutwa tunakwenda kwa daktari. Tukiruhusiwa, nitapumzika jumla. Nivumilie siku mbili tu."

Vifungo alimfuata mpaka mlangoni. "Mganga hajigangi, shoga," alisema, safari hii bila kucheka. Mama akamwambia asianze.

Siku ya daktari walikwenda wote wawili. Miezi yote Fundi alikuwa akienda peke yake, kwa kuwa mama alikuwa kazini, lakini mara hii daktari alimwagiza: njoo na anayekupikia, nataka kumweleza utakavyokula ukirudi kazini. Ukirudi kazini! Mama aliyasikia maneno hayo akayarudia njia nzima. Fundi alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe asubuhi ile, na kwa kweli alipendeza. Alitembea mbele. Mama alikuwa nyuma, akisimama kila baada ya nyumba chache kama mtu anayerekebisha kiatu.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wao. Alisimama, akasema, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akawapa viti. Chumba kidogo, dirisha kubwa, kuta nyeupe. Mama alitupa jicho kwenye koti la daktari, na hakuweza kujizuia, mazoea ni mazoea: kola ina manjano. Mtu hamwambii daktari kola yake.

"Baba, majibu yako ni mazuri mno," daktari alisema. "Ini limetulia. Pombe umeacha kweli, naona. Wiki ijayo unaweza kuanza kazi, taratibu. Ngazi fupi kwanza."

Fundi alipiga paja. "Nilimwambia! Mimi nilimwambia nitapona!"

Mama hakupiga kitu. Alifumba macho tu. Imekwisha, aliwaza. Pasi chini.

"Sasa niulize tena," daktari alisema, "maana huwa nauliza kila mara. Kuna miti shamba yoyote unayotumia?"

"Hapana, daktari," Fundi alijibu upesi. Ndivyo alivyojibu kila mwezi, kama wote tunavyojibu. Hata mwenye jani mdomoni atasema hapana, kisa anaogopa kufokewa.

Lakini mama alikuwa na furaha siku ile, na mwenye furaha hafichi. Tena alitaka mchunga wake upate sifa. "Usimdanganye mtoto wa watu," alimwambia mumewe. "Tunakunywa mchunga, mwanangu. Majani, tunachemsha. Kutwa mara tatu, miezi saba sasa. Ndio uliotusaidia."

Daktari hakufoka. Aliandika. "Mchunga mzito?"

"Mzito. Tunaupika mpaka ukolee."

"Na mnapokunywa, hakuna shida? Kutapika, labda?"

"Asubuhi tu tunatapika kidogo. Nyongo hiyo, inatoka."

"Nani?" Fundi aligeuka. "Mimi? Mimi sijatapika tangu mwezi wa kwanza."

"Na mwili unatuwasha kidogo," mama aliendelea, maana maneno yalikuwa yameshateleza njiani, "na chakula hatukitaki sana, lakini..."

"Bibie, mimi nakula!"

Daktari akaweka kalamu chini. Akavuta kiti chake kikasogea karibu, magoti yakakaribia kugusana, akasema kwa upole kama anayeuliza njia, "Mama yangu. Hapo uliposema tunatapika. Anayetapika ni nani?"

Mama akafungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi, lakini alilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba uliojaa, anapapasa, anajua umo.

"Ni... mimi," alisema.

"Anayewashwa?"

"Mimi."

"Asiyetaka kula?"

Mkono wa mama ukaenda kwenye pini ya kiunoni. Fundi alikuwa anamtazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miezi saba kumtazama mkewe bila kusubiri kuambiwa yeye anaonekanaje. Aliona mifupa ya mabega. Aliona pini ya kiunoni.

Daktari akamsimamisha mama dirishani, akamshusha kope la chini kwa kidole, akatazama. Akabonyeza tumbo chini ya mbavu, upande wa kulia, mama akaruka. Kisha, sijui kwa nini, labda alikuwa ameambiwa na Fundi mkewe anafanya kazi gani, daktari yule akachukua kioo kidogo mezani, akampa. "Tazama mwenyewe, mama."

Nyumbani kwao kioo kilitundikwa kwa kimo cha Fundi, kwenye kona yenye giza. Mama alikuwa anafunga kitambaa kwa mazoea tu. Sasa alikishika kile kioo mbele ya mwanga, ukuta mweupe nyuma yake, akafumba jicho moja.

"Yana manjano," alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya kazini.

"Ni mchunga?" Fundi aliuliza. "Daktari, ni ule mchunga?"

"Sijui bado, baba. Mchunga watu wanaula, na tumbo likijaa unawasaidia wengine. Lakini vikombe vizito vya kila siku, miezi saba, kwa mtu asiyekula, sijui. Huenda alikuwa na ugonjwa mwingine wa ini zamani, umekaa kimya. Simhukumu mtu kabla ya kumpima. Leo tunauacha, na leo analala hapa."

"Leo haiwezekani," mama alisema. "Nina mashati."

"Mama, utapumzika kwanza."

Neno lile alilolisubiri miaka yote, likaja hivyo. Akakaa chini.

"Kikombe changu nilikuwa nakuachia," Fundi alisema. Alisema akitazama mikono yake, yenye rangi ndani ya kucha isiyotoka tena. "Nilijua unamalizia. Ulikuwa mchungu, nikaona bora umalizie wewe. Bibie, nilijua."

"Nyamaza, watu wanasikia," alisema mama, lakini alimshika mkono.

Walimpa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Muuguzi akamvalisha gauni la wodi, akamtoboa mshipa, akatundika maji. Mama alipitisha kiganja juu ya shuka, akakutana na mkunjo, akaunyoosha, ukarudi. Akaunyoosha tena. "Halikupigwa pasi hili," alinong'ona, akasinzia kabla ya kumaliza kulalamika. Alilala kama mtu aliyeangushwa, mdomo wazi, na kiganja bado kiko juu ya ule mkunjo.

Fundi alikaa kwenye benchi kando. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na karatasi ya ruhusa, imekunjwa mara nne: ngazi, kazi, wiki ijayo. Hakuitoa. Simu ya mkewe ikaanza kulia ndani ya mkoba, naye akahangaika na mkoba ule, akatoa leso, akatoa pini za akiba, akatoa chupa ya chai yenye mchunga wa mchana ndani, ndipo akaipata. Alikuwa binti yao. Haikuwa Jumapili, lakini alijua leo ni siku ya majibu.

"Mama? Haya niambie, mmeruhusiwa?"

Fundi akasafisha koo. Akamtazama aliyelala.

"Ni mimi baba yako," alisema. "Hatujaruhusiwa, mwanangu. Tumelazwa."